Ijumaa Kuu Uluguru: Msiba wa Mbali Uliopokewa Nyumbani

Anayejua taratibu za msiba Morogoro haulizi kwa nini kanisa limebadilika Ijumaa Kuu. Altare imevuliwa vitambaa. Kengele hazijalia tangu jioni ya Alhamisi. Ngoma na kayamba zimewekwa kando, na padre anaingia bila wimbo, analala kifudifudi sakafuni. Misa haiadhimishwi. Nyumba hii imefiwa.

Maana hiyo haikushuka kwa siku moja. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wakaanzisha misheni Bagamoyo, wakawapa makazi watu waliokombolewa utumwani. Kutoka huko walielekea bara: Mhonda mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882, kisha Matombo, mashariki ya Uluguru, mwaka 1897. Katika vijiji vya kwanza vya misheni walikuwamo Wakristo waliotoka Bagamoyo, ambao wao au wazazi wao walipita sokoni kama bidhaa. Waliposikia habari za mtu aliyeuzwa kwa vipande 30 vya fedha, akafungwa kamba, akachapwa mijeledi na kubebeshwa mzigo, hawakuhitaji mhubiri wa kuwafafanulia. Waliyajua hayo yote kwa miili yao.

Hata hivyo, ibada yenyewe iliwaweka mbali. Iliendeshwa kwa Kilatini, tena asubuhi, na waumini hawakupokea komunyo siku hiyo. Aliyepokea ni padre peke yake. Kilichokuwa karibu nao ni Njia ya Msalaba. Ibada hii ilienezwa na Wafransisko, na mwaka 1731 Papa Klementi XII alithibitisha idadi ya vituo kuwa 14. Kwa kuwa haikufungwa na Kilatini cha misa, iliweza kusaliwa kwa lugha ya watu, na katekista aliweza kuiongoza kigangoni, hata mahali ambapo padre hakufika.

Milima ya Uluguru nayo iliongeza lake. Ijumaa Kuu huangukia kati ya Machi 20 na Aprili 23, masika yakiwa yamekolea. Ulaya huo ni wakati wa majira ya kuchipua. Uluguru ni wakati wa utelezi, mito iliyojaa na mahindi ambayo bado hayajakomaa. Akiba ya mavuno yaliyopita imepungua, hivyo kufunga si jambo geni mezani. Anayepanda mlima wa tope akifuata msalaba wa mti anashiriki safari ile kwa magoti na pumzi yake.

Mabadiliko makubwa ya ibada yalitoka Roma. Mwaka 1955 Papa Pio XII alitengeneza upya Juma Kuu, na kuanzia 1956 ibada ya Ijumaa ikahamia alasiri, karibu na saa tisa, saa ambayo Injili inasema Yesu alikata roho. Waumini nao wakaruhusiwa kupokea komunyo. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango wa lugha za wenyeji, na Kiswahili kikachukua nafasi ya Kilatini. Hapo mfiwa akaanza kulia kwa lugha yake.

Lakini kuna maana ambazo Roma haikuziandika. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Nionavyo, mbele ya watu wa namna hiyo kituo cha 4, Yesu anapokutana na mama yake, na cha 13, mwili unaposhushwa msalabani, huwa na uzito wa pekee. Mwenye maiti ameonekana. Naye Yosefu wa Arimathaya, asiyetajwa kuwa ndugu, anajitokeza kuomba mwili na kuuzika. Kwa Waluguru na makabila jirani, ambao watani wao huwa na kazi zao mazishini, mtu wa nje ya ukoo kushika maiti ni jambo linaloeleweka.

Hata hesabu ya siku, kutoka Ijumaa Kuu hadi Jumapili ya Pasaka, inaelewana na desturi. Katika misiba mingi ya huku matanga huanuliwa siku ya tatu. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lililipuka Msamvu, mjini Morogoro, na kuua watu zaidi ya 100, na Rais John Magufuli akatangaza siku tatu za maombolezo. Waislamu na Wakristo walikaa msiba mmoja. Mji uliopitia hayo unajua kwamba kati ya Ijumaa na Jumapili kuna kazi ya kukaa na wafiwa, na kwamba kazi hiyo haiharakishwi.

Msiba wa huku haukamiliki bila rambirambi. Sadaka ya Ijumaa Kuu hupelekwa Nchi Takatifu, utaratibu ambao Papa Paulo VI aliutilia mkazo kwa waraka wa mwaka 1974. Kwa hiyo shilingi ya mkulima wa Kinole au Mgeta huenda Yerusalemu, kwenye nyumba ya msiba. Miaka zaidi ya 140 iliyopita habari ya kifo hiki ililetwa Morogoro na wageni. Leo Waluguru ndio wanaotuma mkono wa pole, kama wafanyavyo watu wa ukoo.