Gia ya Mwisho na Barabara Zetu

Historia ya safari za barabarani katika Afrika ya Mashariki huelezwa mara nyingi kwa kuzitaja barabara zenyewe, au kwa kuwataja watu waliozipita. Kati ya barabara na msafiri, hata hivyo, kuna kitu kingine ambacho hakitazamwi sana, nacho ni gia. Katika makala haya nimekusudia kuitazama gia moja tu, ile ya mwisho kabisa, ambayo mafundi huiita ovadraivu: ilitoka wapi, ilifikaje kwetu, na ni wakati gani iliwafaa au iliwadhuru walioitumia. Hoja yangu ni fupi. Gia hii ni ya kuutunza mwendo uliokwisha kupatikana. Si ya kuutafuta mwendo, wala si ya kuuzuia. Asiyeijua tofauti hiyo hupoteza mafuta, huharibu mashine, na pengine hupoteza maisha ya watu.

Yafaa kwanza tueleze maana. Katika motokaa nyingi za zamani, gia ya juu kabisa ilikuwa ya moja kwa moja: mashine ikizunguka mara 100, mhimili utokao katika sanduku la gia nao huzunguka mara 100. Gia zilizo chini yake hupunguza mizunguko na kuongeza nguvu ya kusukuma, kama mtu ainuaye gogo kwa mtaimbo mrefu. Ovadraivu hufanya kinyume chake. Mashine ikizunguka mara 80, mhimili huzunguka mara 100. Kwa hiyo motokaa huenda kasi ile ile huku mashine imetulia, kelele zimepungua, mafuta yanatumika kidogo, na vyuma havisuguani sana. Lakini hakuna kipatikanacho bure. Nguvu ya kusukuma ifikayo magurudumuni nayo hupungua, wala haibaki akiba ya kupandia mlima au kulipita gari jingine kwa haraka. Ndiyo maana katika magari mengi yenye gia hii mwendo mkubwa kabisa hupatikana katika gia iliyo chini yake, jambo liwashangazalo wale wadhanio kwamba gia ya mwisho ndiyo gia ya kasi ya mwisho.

Mabaharia wa pwani yetu wasingeshangaa. Nahodha hatweki tanga kubwa ili upepo uje; hulitweka kwa sababu upepo umekwisha kuwapo, tena ni wa kumfuata, na bahari mbele yake ni wazi. Kila chombo kwa wimbile.

Sasa tuitazame asili ya gia yenyewe. Haikubuniwa kwa ajili ya barabara kama zetu. Volkswagen, iliyosanifiwa na Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930, ilikusudiwa iweze kwenda mwendo wake mkubwa mchana kutwa juu ya barabara kuu mpya za Ujerumani pasipo kuchoka. Mashine yake ilikuwa ndogo, na ili isizungushwe kupita kiasi, gia yake ya nne ilifanywa ndefu, kwa kadiri ya 0.8 hivi. Huko Ufaransa, Peugeot 203 iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 nayo ilikuwa na gia ya nne ya namna hiyo. Waingereza walifuata njia nyingine. Edgar de Normanville alibuni chombo cha pekee kilichofungwa nyuma ya sanduku la gia, kikatengenezwa na kiwanda cha Laycock mjini Sheffield. Dereva alibonyeza swichi tu, ovadraivu ikaingia. Chombo hicho kilifungwa katika Standard Vanguard, kisha katika magari madogo ya mbio kama Triumph TR2 iliyotoka mwaka 1953. Katika nchi zote tatu kulikuwa na barabara ngumu, ambazo juu yake dereva aliweza kushika mwendo mmoja kwa muda mrefu.

Mwaka huo huo wa 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianza huku kwetu mashindano ya motokaa yaliyoitwa Coronation Safari, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu mwaka 1960 yaliitwa East African Safari. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, tena 1957, na tena 1962. Mtu angeweza kudhani kwamba gia yake ndefu ndiyo iliyoipa ushindi. Sivyo. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya udongo, changarawe na mchanga, na kwa kuwa mashindano yalikuja kufanywa wakati wa Pasaka, mvua za masika ziliigeuza njia kuwa tope. Volkswagen ilifaidiwa na mambo mengine: uzito wa mashine ulikuwa juu ya magurudumu yanayosukuma, haikuwa na maji ya kuchemka, na tumbo lake lilikuwa bapa, lisilonaswa kwa urahisi. Gia yake ya nne ilipata kazi palipokuwa na tambarare kavu. Pengine pote ilisubiri.

Mwaka 1963 na mwaka 1968 mvua zilizidi mno. Katika mwaka wa kwanza magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Katika wa pili yalianza 93, na yaliyomaliza yakawa 7 vilevile. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 pamoja na Chris Rothwell, nao katika Peugeot 404. Hesabu hizi zatufundisha jambo. Katika nchi ambayo gari moja tu kati ya kumi au zaidi lafika mwisho, sifa ya dereva si kujua kuongeza mwendo peke yake, bali ni kujua mwendo upi aweza kuuchukua bila kuvunja kitu.

Hata gari la mbio hasa halikuepuka kanuni hiyo. Datsun 240Z, gari la viti viwili lenye mashine ya silinda 6 na ujazo wa lita 2.4, ilishinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, ikashinda tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa sawa kwa alama za adhabu, ikabidi kanuni ya kuamua sare itumike, naye Mehta akapewa ushindi. Baada ya maelfu ya kilomita, hakukuwa na alama hata moja ya kuwatenga.

Gari la aina hii liuzwapo kwa matumizi ya kawaida katika Ulaya lilikuwa na gia 5, ya nne ikiwa ya moja kwa moja na ya tano ikiwa ovadraivu. Tutazame kazi ya kila moja. Dereva anapoikaribia kona ya changarawe, hupunguza gia kabla hajaingia, kwa sababu ndani ya kona huhitaji mashine inayoitika papo hapo: akikanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yasukume; akiachia, yazuie. Akiingia na gia ya tano, mashine haimwitikii. Hukanyaga, nayo hukoroma tu. Huachia, nayo hulizuia gari kidogo mno. Hapo dereva amebaki na usukani na breki peke yake, kama nahodha aliyepoteza tanga. Akitoka katika kona, huongeza mwendo kwa gia ya tatu, kisha ya nne. Ni pale tu njia inaponyoka, macho yakaona mbali, na mwendo autakao umekwisha kupatikana, ndipo gia ya tano huwa na maana. Dereva hodari hutambuliwa kwa kuchelewa kuiingiza na kuwahi kuitoa.

Mashindano, lakini, yalikuwa ya watu wachache. Barabara iliyowafundisha madereva wengi wa nchi hii ni ile iendayo Zambia. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilifungiwa njia yake ya mafuta kutoka kusini, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya. Njia ilikuwa mbaya, na ajali zilikuwa nyingi, hata Waingereza wakaipa jina la mbio za jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara yenyewe ikapata lami. Ndipo kwa mara ya kwanza dereva wa kawaida akawa na mamia ya kilomita ngumu na laini, na gia ya mwisho ikapata makao katika nchi yetu.

Haikupita muda ikapata na sababu. Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao, na ilipofika Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imepanda karibu mara nne. Katika miaka iliyofuata Serikali ya Tanzania ilizuia motokaa za binafsi kutembea Jumapili alasiri bila ya kibali. Viwanda vya dunia navyo vikazidi kufanya gia ya tano kuwa ya kawaida katika magari madogo. Kitu kilichokuwa anasa ya magari ya mbio kikawa njia ya kubana matumizi, na hapo ndipo maana yake ilipoanza kuharibika.

Maana mtu akishasikia kwamba gia nyepesi huokoa mafuta, ni rahisi adhani kwamba huyaokoa kila mahali. Akipanda mlima nayo, hukanyaga hadi mwisho, mashine ikatetemeka na kugonga, ikala mafuta mengi kuliko ambavyo ingekula katika gia ya chini. Hilo ni hasara ya fedha. Hasara kubwa iko katika mteremko. Katika mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, mashine iliyo katika gia nzito husaidia kulizuia lori. Iliyo katika gia ya mwisho hulizuia kidogo sana. Na lori lililotolewa gia kabisa halina mzuizi ila breki, nazo zikipata moto hukosa nguvu. Dereva ateremkaye hivyo ili abakize lita chache huweka rehani roho yake, ya utingo wake, na za watu walio katika basi linalopanda, ambao hawana fungu katika akiba hiyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yaweza kumwekea mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Haiwezi kukaa ndani ya lori na kumchagulia gia.

Malori hayo hayo, yakiwa na mahindi, mchele na maharage, huishia katika soko la nafaka la Tandale, wilayani Kinondoni. Hapo gia ya mwisho haina kazi. Lori lililokuwa likiimba kwa utulivu katika tambarare za Mikumi huingia vichochoroni likijikokota kwa gia ya kwanza na ya pili, utingo akitangulia kwa miguu na kuwaomba wachuuzi wasogeze meza zao. Kijana wa mtaa huo huo akinunua motokaa iliyotumika Japani, tuseme Toyota Altezza yenye gia 6 za mkono, ataweza kukaa nayo wiki nzima kati ya Tandale, Manzese na Magomeni bila kuigusa ya sita. Asione haya kwa hilo. Motokaa haikupungua, wala yeye hakupungua.

Basi iingizwe lini? Historia tuliyoipitia yajibu: mwendo ukiwa umekwisha kupatikana, njia ikiwa tambarare na kuonekana mbali, na mashine ikiwa bado na akiba ya kuitika. Moja likikosekana, itolewe. Tulipewa gia hii kabla ya barabara zake, na barabara zilipokuja tukaipokea kama alama ya kasi, ilhali waliotutangulia, katika tope la mwaka 1963 na la 1968, walifika kwa kujua kuiacha. Mlimani Kitonga, ujuzi huo bado una kazi kila siku.