Upepo uliogoma kupunguzwa

Mtambo wa upepo unaoelea baharini haupelekwi majini kabla ya kujaribiwa. Unatengenezwa mfano mdogo, unatiwa kwenye bwawa la maabara, unapigwa mawimbi na kuvumishiwa upepo. Mawimbi hayakusumbua sana. Upepo ndio uliowatoa wahandisi jasho.

Hesabu ya mawimbi ni ya zamani. Mwaka 1872 Mwingereza William Froude alikuwa na bwawa la majaribio huko Torquay, ambamo alikokota mifano ya meli. Kanuni yake inatumika hadi leo: ukipunguza urefu mara 50, kasi na muda vinapungua kwa kipeuo cha pili cha 50, yaani mara saba hivi. Dhoruba ya saa tatu inakwisha bwawani kwa dakika 25.

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Maine, Marekani, na washirika wake walipeleka jaribio la namna hiyo Wageningen, Uholanzi, kwenye bwawa la taasisi ya MARIN. Walichukua muundo wa mtambo wa megawati 5, wenye rota ya mita 126, wakaupunguza mara 50. Uzito nao hupungua, tena mara 125,000: panga moja la tani 17 na ushei linatakiwa libaki gramu 140 tu, na urefu wake mita 1.23. Juu ya maji zikasimamishwa feni 35. Lakini hewa ya feni hutoka ikijisokota, wala si upepo wa bahari huo, ndiyo maana ilipitishwa kwanza kwenye vichujio vya matundu kama sega la nyuki ili inyooke.

Hapo ndipo hesabu ilipogoma. Upepo wa mita 21 kwa sekunde, kwa kanuni ya Froude, unakuwa mita 3. Hewa inayopita polepole hivyo kwenye panga dogo haitendi kama ya baharini. Mnato wake unatawala, inabanduka mgongoni mwa panga na msukumo unapotea. Panga lililonakiliwa kwa uaminifu mkubwa likawa ndilo lisiloaminika. Ikabidi feni ziongezwe kasi kupita ile ya Froude ili msukumo ufike panapotakiwa. Mwaka 2013 walirudia jaribio kwa mapanga mapana zaidi, ya umbo jingine kabisa, na matokeo yakawa bora. Kwangu mimi huo ndio ubunifu hasa: kuacha kufanana ili kutenda sawa.

Mwaka 2015 Maine ilifungua maabara yake Orono, yenye ukuta wa feni unaogeuzwa, ili upepo utoke upande mmoja na mawimbi upande mwingine.

Wengine waliamua kuachana na upepo wenyewe. Watafiti wa kituo cha CENER, Hispania, waliweka feni moja ndogo juu ya mlingoti. Kompyuta inakokotoa msukumo, feni inautoa. Trondheim, Norwei, mtambo unavutwa na kamba nyembamba zinazoongozwa na mota. Milano, Italia, wao waliiacha bahari: mtambo unasimama ndani ya handaki la upepo, juu ya roboti inayouyumbisha kama mawimbi. Na kwa kuwa hakuna maji, kanuni ya Froude haiwalazimishi tena kupunguza kasi ya upepo.