Hiyo Mbwa Ni German? Historia ya Swali Ambalo Kila Mtu Anajibu Vibaya



Tembea na mbwa yeyote Nairobi, uwe Kayole au Kileleshwa, na haitachukua muda kabla mtu usiyemjua akusimamishe. Hataki kujua jina la mbwa. Hataki hata kujua kama anauma. Atasema, "Boss, hiyo ni mbegu gani?" Halafu kabla ufungue mdomo, atajijibu mwenyewe. Masikio yamesimama? German. Mweusi mwenye miguu ya kahawia? Cross ya Rottweiler. Mdogo? Chihuahua, hata kama ni mtoto wa miezi mitatu ambaye bado anakua. Mwembamba, rangi ya udongo, mkia umejikunja? Koko. Na akishasema koko, stori imeisha. Anaenda zake.

Wengi wetu tunaona hii kama kitu ya kucheka. Na ni ya kucheka, sikatai. Lakini nimesoma historia ya hizi mbegu kwa muda sasa, na kuna kitu nataka tuelewane: mbegu haiko usoni mwa mbwa. Iko kwenye kitabu cha watu fulani. Mtu anayemwangalia mbwa wako barabarani na kutaja mbegu anabahatisha kilichoandikwa kwenye kitabu ambacho hajawahi kukiona. Na kuna mbwa wamekufa kwa sababu ya kubahatisha huko.

Tuanze na German mwenyewe, kwa sababu ndiye kila mtu anadhani anamjua.

Mwaka 1899, mwanajeshi wa Ujerumani anaitwa Max von Stephanitz alienda maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe. Huko akaona mbwa wa kuchunga kondoo anaitwa Hektor Linksrhein. Akampenda, akamnunua, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, akaanzisha chama, na akamwandika huyo mbwa kwenye kitabu cha chama kama nambari 1. Fikiria hiyo. Asubuhi Hektor ni mbwa wa kuchunga, kama wengine wengi mashambani Ujerumani. Anaandikwa kwenye kitabu, na sasa ni baba wa mbegu nzima. Damu yake haikubadilika hata tone. Kilichobadilika ni karatasi.

Halafu kukaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Uingereza hakuna mtu alitaka kusikia neno German, kwa hivyo chama cha mbwa cha huko, Kennel Club, kikamwita Alsatian. Jina la German Shepherd lilirudi rasmi 1977. Ndio maana ukienda kwa guka yako ukimwonyesha mbwa wa aina hiyo, anaweza kusema "Alsatian", na wewe unasema "German", mnabishana, na wote mko sawa. Ni mbwa mmoja. Waingereza ndio waligombana na jirani yao.

Hiyo Kennel Club ilianzishwa London 1873. Kabla yake, mwaka 1859, kulikuwa na maonyesho ya mbwa mjini Newcastle ambayo ndiyo huhesabiwa kama mwanzo wa mambo haya ya kushindanisha mbwa kwa sura. Binadamu ameishi na mbwa kwa maelfu ya miaka. Ndiyo, kulikuwa na mbwa wa kuwinda, wa kuchunga, wa kulinda boma, na watu walichagua wazuri wakazalisha. Lakini kitabu kilichofungwa, ambapo mbwa hahesabiwi kama baba na mama yake hawamo ndani, hiyo ni kazi ya zama za Malkia Victoria. Haijafika hata miaka mia mbili.

Sasa tuje nyumbani, kwa yule wa rangi ya udongo na mkia uliojikunja.

Kuna mbegu inaitwa Basenji. Ukitafuta picha yake unaweza kushtuka, kwa sababu utasema, "Si huyu ni wa jirani?" Masikio yamesimama, mkia kama chapati imekunjwa, manyoya mafupi, na habweki kama wengine, anatoa sauti kama ya mtu anayejaribu kuimba. Waingereza waliwatoa Kongo. Wale wa kwanza walifika Uingereza 1895 na wakafa kwa ugonjwa. Miaka ya thelathini, mama mmoja anaitwa Olivia Burn akaleta wengine, na 1937 wakaonyeshwa Crufts, yale maonyesho makubwa ya mbwa ambayo wakati huo yalikuwa yanafanyika London. Watu walijaa kuwaona.

Lakini sikiliza hilo jina. Basenji. Limetoka kwa maneno ya Kilingala ya kusema mbwa wa "basenzi", yaani watu wa kijijini, watu wasiostaarabika. Na hilo neno ni ndugu wa damu na neno letu: washenzi.

Hapa ndipo inauma kidogo. Pwani, zamani za misafara, kulikuwa na waungwana na kulikuwa na washenzi. Waungwana ni watu wa mji, wa dini, wa nguo safi. Washenzi ni sisi wengine, watu wa bara. Neno likatembea na biashara ya pembe na watumwa hadi ndani kabisa ya bara. Wazungu walipokuja wakalipenda. Masetla wa Kenya walilichukua wakaliweka ndani ya Kiingereza chao, na mbwa yeyote asiye na karatasi wakamwita "shenzi dog". Kwa hivyo tusi moja la Kiswahili lilifanya safari mbili. Kwa njia ya Kongo likafika London na kuwa jina la heshima, mbwa wa maonyesho. Kwa njia ya Nairobi likabaki tusi. Na mbwa ni wa sura moja.

Ngoja, haijaisha. Wamarekani walifuga Basenji ndani ya kitabu kilichofungwa, wakitegemea mbwa wachache sana waliotoka Afrika. Ukizalisha ndugu na ndugu kwa miaka mingi, magonjwa yanajaa. Basenji wakaanza kufa kwa ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi. Suluhisho likawa nini? Mwaka 1987 na 1988, wapenzi wa Basenji kutoka Marekani walisafiri hadi Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, wakachukua mbwa vijijini. Na 1990 chama cha Marekani, American Kennel Club, kikafungua kitabu ili mbwa hao waandikwe.

Yaani mbwa anayelala kando ya jiko la mtu kijijini, siku moja ni "shenzi", akipanda ndege na kukubaliwa na kamati anakuwa safi kabisa, na ndiye anaokoa mbegu nzima. Ndugu yake aliyebaki kijijini bado ni koko.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo kuulizwa karatasi nimezoea. Lakini hata bila hiyo nadhani unaona kitu hapa.

Sawa, utaniambia, lakini si bado naweza kuona kama mbwa ana damu ya German? Hapana, si kwa uhakika unaodhani. Kuna wanasayansi wawili, Scott na Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor huko Marekani na kutoa kitabu 1965. Walizalisha Basenji na Cocker Spaniel, yule mdogo wa masikio marefu ya manyoya. Watoto, na hasa wajukuu, walitoka na sura tofauti tofauti, na wengi huwezi kukisia kwamba nyanya yao alikuwa Basenji. Mwaka 2009 utafiti mwingine ulionyesha kwamba jeni tatu tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya tunazoziona kwa mbwa wa mbegu. Tatu! Ndani ya mbwa mmoja kuna jeni kama elfu ishirini. Kwa hivyo mbwa anaweza kubeba nusu ya damu ya kitu fulani na asionyeshe, na mwingine akaonyesha masikio ya German bila kuwa na German yeyote kwa ukoo.

Mwaka huo huo wa 2009, watafiti Marekani walichukua mbwa 20 kutoka vituo vya kutafutia mbwa makao. Watu wa vituo, wanaoona mbwa kila siku, walikuwa wameshaandika mbegu wanazodhani. DNA ikapimwa. Ni robo tu ya mbwa ambao angalau mbegu moja iliyotajwa ilionekana kama sehemu kubwa ya damu yao. Kama hao walikosa hivyo, yule jamaa wa stage anayesema "hiyo ni Husky" amebahatisha tu.

Na tabia je? Si mbegu inatuambia kama mbwa ni mkali? Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000. Mbegu ilieleza karibu asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Iliyobaki inatoka kwingine, ikiwemo alivyolelewa, na yeye mwenyewe alivyo.

Sasa nirudi kwa wale waliokufa. Mei 2010, mjini Belfast, baraza la mji lilimchukua mbwa wa familia anaitwa Lennox. Maafisa walisema anafanana na Pit Bull, aina iliyopigwa marufuku huko tangu 1991. Familia ilisema ni mchanganyiko wa bulldog na Labrador, na hakuwa amemuuma mtu. Lakini sheria hiyo haisomi damu. Inaangalia sura na vipimo vya mwili. Familia ilipigana kortini miaka miwili, watu dunia nzima wakaomba. Lennox aliuawa Julai 2012. Aliuawa kwa kufanana.

Usiseme hiyo ni ya wazungu. Sisi pia tuna historia ya mbwa kuamua nani ana thamani. Oktoba 1959, hapa Nairobi, Kamawe Musunge, mfanyakazi wa nyumbani, alikuwa na baiskeli yake barabarani. Mbwa wa mzungu anaitwa Peter Poole wakamvamia, akaokota mawe kujikinga. Poole akampiga risasi akafa. Agosti 1960 Poole alinyongwa, na hukumbukwa kama mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Kwa Poole, siku hiyo, mbwa wake alizidi mtu. Tukirithi nyumba za watu kama hao, tulirithi na lango, na lango likabaki na maandishi: Mbwa Kali. Mbwa wa ndani ya lango ni German, ana daktari. Mbwa wa nje ni koko, ana mawe. Hiyo ndiyo sababu tunauliza mbegu haraka hivyo. Tunataka kujua mwenye mbwa ni nani, na huyu mbwa tumheshimu ama tumtupie jiwe.

Na hapa ndipo jibu letu la haraka linatuumiza sisi wenyewe. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Kenya, wengi wao watoto, na karibu visa vyote vinatoka kwa mbwa. Serikali ina mpango wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Njia inajulikana: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa unakosa pa kupita. Kuwaua mbwa mitaani hakujawahi kuumaliza. Sasa piga hesabu. Mbwa wengi wa nchi hii ni wale tunaowaita koko, na wengi wana wenyewe, hata kama wanalala nje. Kama chanjo ni ya German, na koko "si mbwa wa kupelekwa daktari", hiyo 70 tutaifikisha lini? Virusi havijui kusoma kitabu cha Kennel Club.

Kwa hivyo hii ndiyo naomba. Ukiwa na mbwa na mtu akuulize ni mbegu gani, usione haya, na usimdanganye ati ni cross ya kitu. Mwambie jina lake na lini alichanjwa. Na kama wewe ndiye unayeuliza, uliza kama anapenda kuguswa. Hilo swali lina jibu unaloweza kutumia hapo hapo.

Haya, comments ziko wazi. Mbwa wako wamewahi kumwita nini? Na amechanjwa?