Kamisheni ya JWTZ haiombwi Monduli

Kila Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) linapotangaza nafasi, maelfu ya vijana wa mijini huanza kutafuta namna ya kupeleka barua katika Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, mkoani Arusha, wakiamini kuwa huko ndiko uafisa unakoombwa. Sivyo. Tangazo la kuandikishwa jeshini ni la kuwapata askari. Uafisa huja baadaye, kwa kuteuliwa kutoka miongoni mwa waliokwisha kuingia, na wengi hupoteza fedha na miaka kwa kutolijua hilo.

Mlango wa kwanza ni Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa Julai 10, 1963. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, JWTZ limekuwa likitaka mwombaji awe amehitimu mafunzo ya JKT na kutunukiwa cheti, ama kwa mujibu wa sheria ama kwa kujitolea. Mafunzo ya mujibu wa sheria, yaliyositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, huwahusu wahitimu wa kidato cha sita. Anayetaka kujitolea huanzia katika ofisi za wilaya na mkoa anakoishi. JKT lenyewe husisitiza kila mwaka kwamba haliahidi ajira kwa yeyote.

Masharti mengine hayajabadilika sana. Mwombaji awe raia wa Tanzania, mwenye afya njema na akili timamu, asiyewahi kutiwa hatiani kwa jinai, na asiyewahi kutumikia Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo au Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo (KMKM) cha Zanzibar. Hutakiwa vyeti halisi vya kuzaliwa na vya shule. Barua huandikwa kwa mkono na kupelekwa Makao Makuu ya Jeshi, Dodoma, jambo linalowashangaza vijana waliozoea kuomba kila kitu kwa simu.

Kinachowaangusha wengi ni umri. Kwa waliomaliza kidato cha nne na cha sita, kikomo kimekuwa miaka 24. Wenye stashahada na shahada huongezewa kidogo, na madaktari bingwa wamekuwa wakiruhusiwa hadi miaka 35. Kijana anayehitimu chuo kikuu akiwa na miaka 25, bila cheti cha JKT, amebakiwa na muda mfupi mno. Miaka 2 ya kujitolea inaweza kumvusha kikomo kabla hajaandika barua. Mwenye nia ya kweli hupaswa kuyapanga haya akiwa bado sekondari.

Waliochaguliwa huanza kama kuruta. Hapo mwenye shahada na mwenye cheti cha kidato cha nne hushika jembe, bunduki na kwata ileile. Baada ya hapo ndipo jeshi huwateua wanaofaa, kwa kuangalia elimu, nidhamu, afya na usaili, ili wawe maafisa wanafunzi. Askari waliokwisha kutumikia vikosini nao huweza kuteuliwa. Monduli huwa na kozi ya takriban mwaka 1, pamoja na Shahada ya Kwanza ya Sayansi ya Kijeshi ya miaka 3, inayotolewa kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha. Baadhi ya wateule hupelekwa katika vyuo vya nchi rafiki.

Mwisho wa mafunzo ni kamisheni, ambayo hutunukiwa na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu. Katiba, Ibara ya 148, ndiyo inayompa mamlaka ya kuteua viongozi wa majeshi ya ulinzi. Mhitimu hula kiapo na kuvaa cheo cha Luteni Usu, cheo cha chini kabisa katika safu ya maafisa, ambacho kwa kawaida humpa platuni moja ya kuongoza.

Uzito huu wa kamisheni una historia. Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, sasa Lugalo, jijini Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza waliokuwa bado wanawaongoza zaidi ya miaka 2 baada ya Uhuru. Jeshi lile lilivunjwa. Lililoundwa upya Septemba 1, 1964, ndilo JWTZ, na Mirisho Sarakikya, aliyesomea uafisa katika chuo cha Sandhurst, Uingereza, akawa mkuu wake wa kwanza. Tangu hapo swali la nani anapewa kamisheni halikuchukuliwa tena kuwa jambo la ofisi tu.

Njia zote mbili zimetoa viongozi. Jenerali David Musuguri, aliyefariki dunia mwaka 2024, aliingia katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwaka 1942 kama askari wa kawaida, akaja kuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia mwaka 1980 hadi 1988. Rais mstaafu Jakaya Kikwete alipitia Monduli akiwa tayari ni mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alistaafu jeshi mwaka 1992 akiwa Luteni Kanali, mwaka ambao mfumo wa vyama vingi ulirejea. Ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, sharti ambalo kila anayeota kamisheni hana budi kulipima mapema.

Kuhusu fedha, jeshi limetoa onyo mara nyingi: maombi hayalipiwi. Matapeli hujifanya maafisa, hutoa barua za wito zenye mihuri ya kughushi na kudai malipo kwa njia ya simu, na hupenda zaidi kuwaahidi wenye shahada kwamba watapelekwa Monduli moja kwa moja bila kupita ukuruta. Ahadi hiyo peke yake yatosha kumtambulisha tapeli, na pa kuipeleka ni kituo cha polisi kilicho karibu.