Mzazi na mtoto darasa moja: historia ya Kiswahili cha Buyenzi

Buyenzi ni mtaa wa Bujumbura, kando ya mto Ntahangwa, wenye barabara zilizonyooka zinazoitwa kwa namba. Tangu enzi za ukoloni watoto wake wamekua na Kirundi na Kiswahili kwa pamoja. Jambo la pekee ni namna walivyokipata Kiswahili. Katika nyumba nyingi hakikurithiwa kutoka kwa mama, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa bado anajifunza. Mzazi na mtoto walianza lugha pamoja, na mara nyingi mtoto ndiye aliyetangulia.

Lugha ilifika kwa njia ya maji. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilifika Ujiji, na kutoka huko mitumbwi ilipanda Ziwa Tanganyika hadi Uvira na Uzige, eneo ambalo baadaye lilikuja kuwa Bujumbura. Mfanyabiashara wa misafara hiyo, Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuiingilia Burundi kwa nguvu lakini majeshi ya mfalme wake, Mwami Mwezi Gisabo, yalimzuia. Kwa hiyo Kiswahili hakikupanda milimani, kikabaki ufukweni. Wajerumani walipoweka kambi yao Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, mwishoni mwa miaka ya 1890, walikuja na askari, wapagazi na makarani waliokwisha kuzungumza Kiswahili, lugha ya utawala katika koloni lao lote la Afrika Mashariki. Athari yake imebaki hata katika Kirundi: ishule, igitabu, ikaramu na isoko ni maneno yaliyopitia kwenye Kiswahili, na shule yenyewe Kiswahili kiliichukua kwa Wajerumani.

Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916. Chini yao Buyenzi ikawa makao ya watu waliohesabiwa kuwa nje ya mamlaka ya machifu: Wamanyema na watu wengine wa upande wa Kongo, watu wa Ujiji na Kigoma, na Warundi walioshuka kutoka vilimani kutafuta kazi. Wengi walikuwa Waislamu au walisilimu walipofika. Ndoa zikawachanganya. Msichana wa kilimani aliyeolewa katika nyumba ya Waswahili alikuta mavyaa, mawifi na majirani wakizungumza lugha asiyoijua. Kirundi alikuwa nacho, na hicho ndicho alichombembelezea mtoto. Lakini mtoto alipoanza kutembea alitoka kwenda uani, na uani kulikuwa na Kiswahili.

Lugha hizi mbili ni ndugu, na udugu huo unasaidia na unapoteza. Kurara ni kulala, kurima ni kulima, inyama ni nyama. Hapo mama na mtoto hupita bila kujikwaa. Matata yako kwenye maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana. Kuja kwa Kirundi ni kwenda, hivyo mama anayemwambia mwanawe kwa Kirundi aende sokoni hutumia neno lilelile ambalo shangazi, kwa Kiswahili, analitumia kumwita arudi. Ejo la Kirundi ni siku iliyopita na pia siku ijayo. Kiswahili kinamdai mtoto achague jana au kesho. Na akikumbuka jana, anasikia ndani yake ijana, ambayo kwa Kirundi ni mia. Mbele ya karai la maandazi mlangoni, mama akihesabu faranga kwa Kirundi na mteja akilipa kwa Kiswahili, mtoto aliyetumwa kurudisha chenji alilazimika kuzitenganisha lugha hizo mapema sana. Hakuna somo la lugha linalokaza kama lile la pesa.

Darasa la pili lilikuwa madrasa. Mtoto alikaa mkekani akisoma herufi za Kiarabu, lakini mwalimu alifafanua kwa Kiswahili. Kwa wengi, kujua dini na kujua Kiswahili kulikuwa kitu kimoja, na mama aliyesilimu ukubwani alijifunza dua zilezile kwa kumsikiliza mwanawe akizirudia jioni. Hata siku za juma zilikuwa funzo. Warundi huanza kuhesabu Jumatatu, hivyo ku wa gatatu, siku ya tatu, ni Jumatano. Waswahili huanza baada ya Ijumaa, na siku yao ya tatu ni Jumatatu. Mtoto wa Buyenzi alibeba kalenda mbili kichwani.

Shule za serikali na misheni hazikumsaidia katika hili. Chini ya Wabelgiji elimu ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wamisionari wa Kikatoliki, waliofundisha kwa Kirundi na kuandaa wachache kwa Kifaransa, huku wakikitilia shaka Kiswahili kama lugha ya Uislamu. Wazazi wengi wa Kiislamu nao waliogopa kuwapeleka watoto wao huko. Nje ya mtaa, neno Umuswahili likawa tusi, likimaanisha mjanja asiyeaminika. Ni dhuluma iliyodumu, na ilifanywa kwa watu ambao kosa lao lilikuwa kuzungumza na kila mgeni kwa lugha anayoielewa.

Misukosuko iliendelea kuleta na kuondoa wasemaji. Vita vya mashariki ya Kongo vya miaka ya 1960 vilileta familia kutoka Uvira na Fizi. Mauaji ya 1972 yaliwapeleka Warundi wengi Tanzania, katika makazi kama Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako watoto wao walisoma kwa Kiswahili. Machi 1995 Buyenzi yenyewe na mtaa jirani wa Bwiza zilishambuliwa, na wakazi wengi wakakimbilia Uvira. Waliporudi Burundi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, familia zilizokaa ng'ambo zilikuwa na watoto wanaojua Kiswahili kuliko Kirundi. Safari hii mzazi ndiye aliyefundisha Kirundi.

Katikati ya miaka ya 2000 Kiswahili kiliingia katika mitaala ya shule za msingi pamoja na Kiingereza, nchi ilipokuwa ikijiandaa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, jambo lililotimia Julai 2007. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 haikukifanya lugha rasmi. Hadhi hiyo ilipewa Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Hata hivyo daftari la Kiswahili sasa linaingia nyumbani, na linaleta Kiswahili sanifu kisichofanana kila mara na cha gereji za Buyenzi au soko la Ruvumera. Tatizo kubwa liko kwenye l na r, ambazo Kirundi hakizitenganishi. Mama anamsomea mwanawe imla, anatamka kura, na mtoto anasimamisha kalamu kuuliza kama ni kura ya sandukuni au kula ya sahanini. Kisha mtoto anatamka mwenyewe, polepole, na mama anarudia baada yake.