Kalamu ya Salme binti Said

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii hutajwa zaidi kwa maradhi ya mwili. Lakini maisha ya Salme, bintiye Seyyid Said wa Unguja, yaonyesha kuwa yafaa pia kwa majonzi ya moyo.

Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Zama zile binti za mfalme walifundishwa kusoma, wala si kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ilimletea taabu kwanza. Mwaka 1859 nduguye Barghash alipotaka kunyakua ufalme, Salme alikuwa mwandishi wa njama, njama ikashindwa.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri, akiwa mja mzito kwa mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata alibatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa, akahamia Hamburg. Mtoto wao wa kwanza alikufa mwaka huo huo. Mwezi Agosti 1870 mumewe alipatwa na ajali ya tramu ya farasi, akafa, akamwachia watoto watatu wachanga katika nchi ya ugeni.

Miaka saba baadaye, amechoka mwili na roho, asitumaini kuwaona wanawe wakikua, Salme alishika kalamu. Hakukusudia kuchapisha, aliwaandikia wanawe, waliojua machache mno juu ya asili ya mama yao. Kumbukumbu zake zilitolewa Berlin mwaka 1886.

Kalamu haikumrudishia mume, wala urithi alioudai Unguja bila kuupata. Lakini mambo yaliyomzonga yalipata mwanzo na mfuatano, yakapata na wa kuyasikia. Miaka 100 baadaye, mwaka 1986, wataalamu wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi walioandika kwa siku nne misiba yao pamoja na hisia zao. Mara baada ya kuandika walihuzunika zaidi. Lakini miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache kuliko wenzao walioandika mambo madogo madogo. Dawa chungu, basi, haikosi kuwa dawa.

Salme alifariki Jena mwaka 1924, mwenye umri wa miaka 79. Wale wanawe aliodhani hatawaona wakikua walikuwa wamekwisha kupita miaka 50.