Mwizi Aliyetoka kwa Mashabiki: Nani Ana Haki ya Kuongeza Kitu Kwenye Mchezo?

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka tuongelee mchezo, na hasa wale watu wanaoongeza vitu kwenye mchezo ambao hawakuubuni wao.

Jambo lenyewe si geni. Nenda kijiwe chochote hapa Majengo wanapocheza drafti, usikilize mabishano ya kabla ya kuanza. Hapa tunakula nyuma au hatuli? Ukivuka barabara ukaenda kijiwe cha pili, unakuta sheria nyingine. Hakuna aliyeziandika na hakuna ofisi iliyozipitisha. Zile zinazofanya mchezo unoge zimebaki, zile mbovu zimejifia zenyewe.

Sasa kuna mchezo mmoja ambao mambo haya ya kijiweni yaligeuka kuwa vitabu, biashara ya mamilioni ya dola na vitisho vya wanasheria. Unaitwa Dungeons & Dragons, na ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974. Kwa ambao hamjawahi kuuona, unachezwa hivi: watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ndiye mwendesha mchezo, anasimulia: mmefika langoni, mlinzi amesimama na mkuki, mnafanyaje? Wengine, kila mmoja akiwa na mhusika wake, wanajibu. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafanikiwa, inarushwa dadu. Yaani ni hadithi za bibi, isipokuwa wajukuu wanaruhusiwa kumkatiza bibi na kubadilisha mwisho.

Mashabiki wa mchezo huu hutunga vitu vya aina mbili. Kuna mikasa, yaani mahali, maadui na tatizo lililoandaliwa ili wengine walicheze. Halafu kuna nyongeza za wahusika: kazi mpya, ukoo mpya, uwezo mpya. Vingi havina maana, na vichache ni hazina. Tunavitofautishaje? Watu wengi wana jibu la haraka: angalia nani ameandika, kampuni au shabiki. Mimi nasema historia ya mchezo wenyewe inalikataa jibu hilo.

Tuanze mwanzo kabisa. Mchezo ulibuniwa na Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva na Dave Arneson wa Minnesota, na kuchapishwa na kampuni ndogo iliyoitwa TSR. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu, vijitabu vitatu ndani ya kasha. Wahusika walikuwa wa kazi tatu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Mwizi hakuwemo.

Mwizi alitoka kwa wachezaji. Mwaka huohuo wa 1974, watu waliokuwa wakicheza kwenye duka la Aero Hobbies huko Santa Monica, California, walibuni mhusika wa kufungua makufuli na kutegua mitego. Mwenye duka, Gary Switzer, alimweleza Gygax kwa simu. Gygax akaandika mwizi wake mwenyewe kutokana na wazo hilo, na mwaka 1975 akamwingiza kwenye kitabu cha nyongeza kilichoitwa Greyhawk. Leo ukimuuliza mchezaji yeyote duniani akutajie kazi nne za msingi, mwizi yumo.

Na hakuwa peke yake. Mwindaji wa porini aliandikwa na Joe Fischer mwaka 1975 katika jarida la The Strategic Review. Mfanya mazingaombwe alitoka kwa Peter Aronson, jarida hilohilo, mwaka huohuo. Malenga aliletwa na Doug Schwegman mwaka 1976. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi nacheza vitu halali tu, vya mashabiki sivitaki" anacheza vitu vya mashabiki bila kujua.

Hata hivyo mwizi anatufundisha jambo la pili, tena chungu kidogo. Kabla yake, mchezaji yeyote aliweza kujaribu kunyata au kupapasa ukuta kutafuta mtego. Alieleza anavyofanya, mwendesha mchezo akaamua. Mwizi alipopewa asilimia zake za kunyata na za kutegua, wengine wakaanza kuambiwa: wewe si mwizi, huwezi. Mpaka leo wachezaji wakongwe wanabishana kama alileta faida au hasara. Hapo napata kipimo changu cha kwanza. Ukiletewa nyongeza ya mhusika, usiulize tu inampa nini mwenye kuichukua. Uliza inawanyang'anya nini waliokaa naye mezani. Mhusika mpya anayefanya kila kitu ni kama mchezaji wa mpira asiyetoa pasi. Yeye atafurahi, wenzake kumi watachoka kumtazama.

Twende kwenye mikasa. Mwaka 1976 Pete na Judy Kerestan, wapenzi wa mchezo, walitoa Palace of the Vampire Queen, unaohesabiwa kuwa mkasa wa kwanza kuuzwa peke yake kama kitabu. Ukiutazama leo utashangaa: ni ramani na orodha ya vyumba, kila chumba na kilichomo. Hadithi karibu hakuna, mwendesha mchezo ajaze mwenyewe. Ulinunuliwa kwa sababu TSR wenyewe hawakuona kama kuna mtu angetaka kununua mkasa ulioandikwa na mwingine! Walidhani kila mtu angependa kutunga wake. Mashabiki ndio waliowaonyesha soko.

Upande wa pili tuweke kazi ya bwana mkubwa mwenyewe. Gygax aliandika Tomb of Horrors kwa ajili ya mashindano ya mwaka 1975, ukachapishwa 1978. Ni kaburi lililojaa mitego inayoua, na mingine inaua kabla mchezaji hajapata dalili yoyote. Umeandikwa na mwasisi, una muhuri wa kampuni, na meza nyingi umeziacha na watu waliokasirika. Wapo wanaoupenda sana, siwalaumu. Ila muhuri haukuufanya uwe mkasa wa haki.

Kisha kuna mtu na mkewe, Tracy na Laura Hickman. Walikuwa wakitunga mikasa yao na kujichapishia kabla Tracy hajaajiriwa na TSR mwaka 1982. Mwaka 1983 ikatoka Ravenloft, kazi yao wote wawili. Humo adui hakai chumbani kungoja kuuawa kama mbuzi aliyefungwa. Ana jambo analolitaka na kwa sababu hiyo anatembea na kuwafuata wachezaji. Hicho ndicho kipimo cha pili: je, watu waliomo ndani ya mkasa wana haja zao? Kama wanazo, wachezaji wanapata kitu cha kuamua: wapigane, wapatane, wadanganye, au wakimbie. Kama hawana, kilichobaki ni kurusha dadu mpaka usiku.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni wa kijana mmoja wa Uingereza. Jarida la White Dwarf lilikuwa na ukurasa wa wasomaji kutuma viumbe walivyobuni. Mwaka 1979 likachapisha viumbe walioitwa githyanki, waliobuniwa na Charles Stross, ambaye wakati huo alikuwa bado na umri wa mwanafunzi wa sekondari. Jina alilichukua kwenye riwaya ya George R. R. Martin ya mwaka 1977. Mwaka 1981 TSR wakawaingiza kwenye kitabu Fiend Folio, tena wakawaweka kwenye jalada. Walipendwa kwa nini, wakati viumbe wengi wa wasomaji walisahaulika? Kwa sababu walikuja na historia: waliwahi kuwa watumwa, wakaasi, na bado wanawawinda waliokuwa mabwana zao. Mwendesha mchezo akisoma hayo anapata mikasa kumi kichwani bila kusaidiwa. Mwaka 2023 gemu ya kompyuta ya Baldur's Gate 3 ilipotikisa dunia, mmoja wa wahusika wake wakuu alikuwa githyanki.

Ila sasa sikilizeni hili. Mwaka 1997 TSR ilinunuliwa na Wizards of the Coast, na mwaka 2000 kampuni hiyo ikatoa leseni ya wazi iliyoruhusu yeyote kuandika na kuuza mikasa kwa kutumia sheria za msingi za mchezo. Katika hati zilizotolewa chini ya leseni hiyo kulikuwa na orodha ya vitu ambavyo ni mali ya kampuni na wengine wasiviguse. Githyanki wametajwa humo kwa jina. Kiumbe wa shabiki, mwenye jina lililookotwa kwenye riwaya ya mtu mwingine, kikawa mali iliyozungushiwa uzio. Sisemi ni wizi, kwani kijana alipeleka mwenyewe. Nasema tu kwamba anayepanda na anayevuna si lazima wawe mtu mmoja.

Leseni hiyo ilileta mafuriko ya vitabu, vingi vikiwa vibovu, na wenye maduka waliachiwa marobota yasiyouzika. Lakini haki ilikuwepo. Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya iliyotaka watunzi wasajili kazi zao na, kwa wenye mapato ya zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka, walipe mrabaha wa mpaka asilimia 25 ya kiasi kinachozidi hapo. Mashabiki wakawaka. Kabla ya mwezi kwisha, tarehe 27 Januari, kampuni ikarudi nyuma na kuweka sheria za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kufutwa. Maana yake, mtu aliyekaa Majengo na daftari anaweza leo kuandika mkasa na kuuuza bila kumpigia mtu magoti, ilimradi ataje alikochota sheria.

Je, aandike nini? Hapa ndipo ninapotaka tufike.

Mwaka 2002 kampuni ya Atlas Games ilitoa kitabu cha Nyambe, kilichotungwa na Mmarekani Chris Dolunt chini ya leseni ile ya wazi. Ni bara zima la kubuni lililotokana na hadithi na tamaduni za Afrika. Nakipongeza, kwa sababu wakati huo Afrika kwenye michezo hii ilikuwa msitu na ngoma tu. Lakini kinamwita mtumiaji wa nguvu za miujiza "mchawi". Kwa Mmarekani hilo ni neno tamu la kigeni. Kwetu mchawi na mganga ni watu wawili wanaopingana, na neno mchawi limeua watu. Kule Usukumani bibi vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingine kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Mchezaji wa hapa hawezi kuliandika neno hilo kwenye karatasi ya mhusika wake kama anavyoandika "mpiganaji". Kipimo cha tatu, basi: je, mtunzi anapajua mahali anapoandika, au ameokota majina tu?

Tuchukue Ugogo wetu. Misafara ya kwenda Unyamwezi ilipita hapa karne ya 19. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Kabla ya kufika, walivuka nyika kavu ya Marenga Mkali. Walipofika, kila mtemi aliwadai hongo, vitambaa na shanga, ndipo wapate maji, chakula na njia. Wazungu hao waliandika malalamiko marefu kuhusu hongo hiyo. Na angalieni neno lenyewe: leo hongo kwetu ni rushwa, wakati kule lilikuwa ushuru wa mwenye nchi. Hata lugha yetu imebaki na upande wa mlipaji.

Mkasa mbovu ungemfanya mtemi awe jambazi wa kuuawa njiani. Mkasa mzuri ungeanza na hesabu: mna mizigo kadhaa ya vitambaa, watemi wako wengi mbele, na visima ni vichache. Mkilipa chote hapa, kwa mtemi anayefuata mtatoa nini? Mkizunguka, mtakunywa wapi? Na mtemi naye ana watu wake, mwaka wa ukame, na kisima kinachokauka msafara wa mamia ya watu unapotua. Hakuna joka hata mmoja, na bado meza nzima itakuwa inabishana.

Mkasa huo kampuni ya Marekani haitauandika, na hatuna sababu ya kuisubiri. Duka la Santa Monica halikusubiri. Tukikaa kimya atatokea mwingine, ataokota majina yetu kwenye vitabu vya Stanley, na watoto wetu watakuja kucheza Ugogo wakiwa upande wa msafara.

Aliye na daftari aanze. Akimaliza aniite, dadu ninazo.